Nyimbo za upande wa Bibi: shajara ya mradi

Oktoba, wiki ya kwanza

Nimefungua daftari hili ili kazi isipotelee njiani. Mambo ya ukoo yana tabia ya kuanza kwa moto na kuishia kwenye kikundi cha WhatsApp ambacho kila mtu amekizima sauti.

Kwa ufupi, hali ni hii. Bibi, mama yake mama yangu, alizaliwa kwenye ghuba ya St. George's, pwani ya magharibi ya Newfoundland, huku Kanada. Maisha yake yote alisema kwao ni Wafaransa waliochanganyika na Waairishi, akaishia hapo. Alipofariki, watu walipokaa kula baada ya maziko, mjomba mmoja akatamka huku anakata mkate kwamba mama mzaa Bibi alikuwa Mi'kmaq, wenyeji wa asili wa pande hizi, mtu wa kijiji cha Flat Bay kwenye ghuba ileile. Hakuna mzee aliyeshtuka. Walioshtuka ni sisi wajukuu.

Mimi ni wa Muheza, Tanga. Mama alikuja kufundisha sekondari kama mwalimu wa kujitolea miaka ya 1970, akaolewa na Mbondei, na tangu hapo kwao anakwenda kutembea tu. Muheza nzima inamjua kama Mama Mzungu. Nilipompigia kumwambia huenda mji mzima ulikosea kidogo, alicheka mpaka akakohoa.

Kwa sasa naishi Halifax, Nova Scotia. Hapa ni katikati ya Mi'kma'ki, nchi ya Mi'kmaq, inayoshika Nova Scotia yote, Prince Edward Island, sehemu kubwa ya New Brunswick, rasi ya Gaspé upande wa Quebec, na Newfoundland ambayo wao huiita Ktaqmkuk. Nataka kujifunza nyimbo zao za zamani kutoka kwa wenyewe, kumtafuta mama mzaa Bibi kwenye maandishi, na kumpelekea Mama kitu cha kusikiliza wakati masikio yake bado mazima.

Mipaka nimeiandika kwa wino mwekundu kwenye jalada. Siombi kitambulisho. Siombi uanachama wa jumuiya yoyote. Sijitambulishi kama Mi'kmaq. Mashariki mwa Kanada kuna watu wengi waliopata bibi mmoja wa karne ya 17 kwenye intaneti, kesho yake wakafungua chama na kudai haki za uwindaji. Viongozi wa Mi'kmaq wa Nova Scotia wamewakataa waziwazi, na sitaki kuongeza kichwa kimoja kwenye msururu huo. Nina damu ya mtu mmoja ninayeweza kumtaja kwa jina. Sikulelewa na watu wake, na hilo halifutwi na karatasi.

Tarehe 1 Oktoba ilikuwa Siku ya Mikataba, inayoadhimishwa hapa tangu 1986 kuukumbuka mkataba wa amani na urafiki wa 1752 kati ya Mi'kmaq na Taji la Uingereza. Nilisimama pembeni na umati. Ulipopigwa Wimbo wa Heshima, kila mtu akainuka na kuvua kofia. Wimbo huo umesambaa mpaka watu wanaudhani ni wa kale, kumbe uliletwa miaka ya 1980 na George Paul wa Metepenagiag, New Brunswick. Unawaita watu wauheshimu utu wao na kusaidiana. Huimbwa kwenye mahafali ya shule, kwenye mazishi, na mbele ya mawaziri. Nimeanza na huo kwa kuwa unaimbwa hadharani na hakuna anayekuuliza umeupata wapi. Nyimbo nyingine si hivyo, naambiwa.

Oktoba, mwishoni

Wiki za karatasi. Wasiopenda karatasi waruke.

Rejista za ubatizo za kanisa Katoliki, upande wa Sandy Point na St. George's, zimeandikwa na mapadri waliokuwa na haraka. Jina moja lina tahajia za kila namna. Halafu kuna jambo ambalo binamu yangu wa Stephenville alinionya mapema: kwenye ghuba ile majina ya Kifaransa yaligeuzwa ya Kiingereza kwa wingi. LeBlanc wakawa White. Lejeune wakawa Young. Benoit wakawa Bennett, na Aucoin wakawa O'Quinn. Kwa hiyo ukoo wetu una jina la Kiingereza, lililokuwa la Kifaransa, la watu ambao jikoni walizungumza Kimi'kmaq. Ukitafuta kwa jina moja tu hupati kitu.

Kwenye sensa ya Newfoundland ya 1945 nyumba ya mama mzaa Bibi ipo. Safu ya asili inasema Kifaransa, nyumba nzima, kuanzia baba hadi mtoto wa kunyonya. Sina lawama. Shuleni wakati ule watoto walifundishwa kwamba Mi'kmaq waliletwa Newfoundland na Wafaransa ili wawaue Wabeothuk, wenyeji waliotoweka. Wanahistoria wameshaikataa hadithi hiyo, lakini nani angetaka mwanawe akae darasani akinyooshewa kidole? Waliochanganya Ufaransa na Mi'kmaq walikuwa na jina lao la kutukanwa pia, jackatar, na Bibi alilichukia neno hilo kuliko matusi ya nguoni. Tulidhani ni adabu tu.

Bibi alifanya kazi ya kufua nguo kwenye kambi ya jeshi la anga la Marekani iliyojengwa Stephenville mwaka 1941, akaolewa na mtu wa Nova Scotia, akahamia Halifax. Mnamo 1949 Newfoundland ikajiunga na Kanada, na masharti ya muungano hayakutaja wenyeji hata kwa sentensi moja. Kisheria, pale kisiwani hapakuwa na Mi'kmaq wa kusajiliwa.

Mlango ulipofunguliwa, ulijaa. Qalipu, jumuiya ya Mi'kmaq wa Newfoundland, ilipotambuliwa na serikali Septemba 2011, maombi yaliyomiminika yalizidi 100,000. Serikali ikabadili vigezo katikati ya safari, na barua za majibu za 2017 ziligawa nyumba: dada amekubaliwa, kaka amekataliwa, baba mmoja mama mmoja. Binamu yangu ni wa waliokubaliwa. Mdogo wake hakupata. Kwenye Krismasi hawazungumzii jambo hilo.

Nimeelewa kwa nini mjomba alisubiri Bibi azikwe kwanza.

Novemba

Mama ametuma ujumbe wa sauti. Kwanza salamu, "Marahaba mwanangu," ingawa shikamoo yangu niliituma jana yake. Kisha mafuta ya taa yamepanda bei. Kisha, bila kutangaza, anaimba. Nyuma yake jogoo wa jirani anawika na kuna mtu anasukuma mkokoteni.

Ni wimbo aliokuwa akirushiwa na Bibi magotini. Hauna maneno, ni silabi tupu, *dai-di-didel-dam*, zinakimbia na kurudi palepale, halafu mwishoni mtoto anashushwa ghafla kama anaangushwa. Mama anasema: "Huu lazima ni wao. Bibi yako aliuimba mlango ukiwa umefungwa."

Nimeusikiliza mpaka majirani wa chini nadhani wanaujua. Natamani uwe wao. Naandika hapa kwamba natamani, ili baadaye nijue ushahidi ni upi na hamu ni ipi.

Desemba

Baridi imekaza, nimejifungia na mambo ya zamani.

Nyimbo za Mi'kmaq ni miongoni mwa za mwanzo kabisa za wenyeji wa Amerika Kaskazini kuandikwa na Wazungu. Marc Lescarbot, mwanasheria wa Kifaransa, alikaa Port Royal, upande huu wa Nova Scotia, mwaka 1606 na 1607. Alisikia nyimbo nyumbani kwa chifu Membertou na kuziandika kwa majina ya sauti, re, fa, sol, pamoja na silabi zilizoimbwa. Mwaka 1636 mtawa Gabriel Sagard akazichapa tena zikiwa zimepangwa kwa sauti nne, kama kwaya ya kanisani. Nimejaribu kuupiga mpangilio huo kwenye kinanda cha rafiki. Unapendeza, na unanuka ubani. Membertou asingeutambua. Mtu akikuletea "muziki wa kale wa Mi'kmaq" kutoka kitabuni, muulize kwanza umepita kwenye mkono wa padri yupi.

Za karne ya 20 ni afadhali, maana kuna sauti. Helen Creighton, mkusanyaji wa nyimbo wa Nova Scotia, alirekodi na waimbaji wa Mi'kmaq pia. Beaton Institute, hifadhi ya Chuo Kikuu cha Cape Breton huko Sydney, ina kanda nyingi za Unama'ki, yaani kisiwa cha Cape Breton. Jina ambalo kila mtu analitaja ni Sarah Denny wa Eskasoni, jumuiya ya Mi'kmaq ya huko Cape Breton, aliyezishika nyimbo na ngoma za kwao na kuwafundisha watoto wa jumuiya wakati ambapo wengi waliona aibu. Shule ya bweni ya Shubenacadie, saa moja tu kutoka hapa nilipo, ilichukua watoto wa wenyeji tangu 1930 hadi 1967. Mtoto aliadhibiwa kwa kuzungumza lugha yake. Sasa fikiria wimbo uvuke hapo.

Unavukaje? Ndani ya nyumba. Kwa watu wachache waliokataa kuuacha. Ndiyo maana nimeacha kukusanya faili na kuanza kutafuta mtu.

Januari

Nimempata, kupitia mama mmoja tunayesali naye. Ni mzee wa Eskasoni anayeishi Halifax kwa mwanawe. Hataki jina lake liandikwe, kwa hiyo nitamwita Kiju', yaani bibi, kama wanavyomwita wajukuu wake.

Nilipeleka tumbaku, ndiyo adabu ya hapa ukienda kuomba elimu kwa mzee. Haipokelewi kama malipo. Akiipokea amekubali kukusikiliza. Akaishika mkononi muda mrefu bila kuiweka mezani.

"Wewe ni wa nani?"

Nikaanza kwa Flat Bay. Akanisikiliza, akauliza majina mawili matatu, akatikisa kichwa kwamba anayajua. Nikamweleza wasiwasi wangu wa kuonekana nagombea kitu. Akaniambia kwamba yeye mwenyewe serikali iliwahi kumwandikia kuwa si Mi'kmaq. Aliolewa na baharia asiye mwenyeji, na kwa Sheria ya Wahindi ya 1876 (ndivyo serikali ilivyowaita wenyeji) mwanamke aliyeolewa nje alifutwa kwenye orodha, wakati mwanamume aliyeoa nje mkewe aliingizwa. Akapoteza haki ya kuishi Eskasoni. Sheria ilirekebishwa 1985, akarudishwa. "Miaka yote hiyo," akasema, "nilikuwa naimba palepale jikoni. Hakuna aliyekuja kuufuta wimbo."

Halafu swali ambalo sikulitegemea: "Na upande wa baba yako? Unaimba nini?"

Nikasema najua kidogo. Nyimbo za kutwanga, mbili tatu, za shangazi yangu. Akaiweka tumbaku mezani. Masharti yake: kila nikija nije na wimbo mmoja wa kwa baba. Nisipokuwa nao nisije.

Kwa hiyo usiku ule nikampigia Shangazi Muheza. "Mtoto huyu! Umekaa hapa miaka yote hukutaka kushika mchi, umefika kwenye theluji ndiyo unataka nyimbo za kinu?" Akaniimbia hata hivyo, mpaka salio likaisha.

Januari, mwishoni

Somo linakwenda hivi. Tunakaa kwenye meza ya jikoni, chai ya maziwa, redio imezimwa. Kiju' anashika ji'kmaqn. Ni kipande cha mti cha urefu wa dhiraa kilichopasuliwa kwa ndani kuwa tabaka nyembamba nyingi, zilizoshikana upande wa mpini na kuachana upande wa pili, kama kitabu kilicholowa maji kikakaukia juani. Anakipiga kwenye kiganja. Tabaka zote zinagongana kwa pamoja, chak, na nyuma ya chak kuna mnong'ono mfupi wa tabaka zinazochelewa.

Ala hii ni yao hasa. Ile ngoma kubwa ya kukaliwa na watu wengi, ambayo wageni huidhani ndiyo muziki wa Mi'kmaq, imekuja na powwow, mikusanyiko ya ngoma ya wenyeji, kutoka magharibi ya bara na kuenea huku katika miongo ya mwisho ya karne ya 20. Hakuna anayeikataa, wameifanya yao. Lakini mzee akitaka Ko'jua, anatafuta ji'kmaqn.

Ko'jua ni wimbo wa kuchezwa. Miguu haipai, magoti yamelegea, na anayeongoza anaita huku wengine wakiitikia. Kwa mtu aliyekulia Tanga hilo la kuitikia halihitaji kufundishwa. Kinachohitaji kufundishwa ni subira. Mapigo hayaongezi mwendo hata watu wakichangamka, na mimi nimezoea ngoma inayopanda kadiri usiku unavyokwenda. Kiju' akiniona naanza kukimbia anasimamisha kipande chake hewani na kuningoja, bila kusema kitu.

Siongozi. Hilo limesemwa siku ya kwanza. Msimu huu wote mimi ni mwitikiaji.

Kuhusu kurekodi: Ko'jua ameruhusu, kwa ajili ya Mama tu. Upo wimbo mwingine wa familia yake aliouimba mara moja huku anaosha vikombe. Simu yangu ilikuwa mfukoni na ikabaki mfukoni. Kwa wanaofanya utafiti rasmi ipo kamati, Mi'kmaw Ethics Watch, iliyoundwa chini ya Sante' Mawio'mi, baraza kuu la jadi la Mi'kmaq, inayopitia maombi ya watafiti kabla kazi haijaanza. Mimi si mtafiti, lakini nimesoma masharti yao na naona yanafaa hata kwa mjukuu mwenye simu.

Februari

Mwezi wa mbao.

Ji'kmaqn hutengenezwa kwa mti wa ashi, na bora zaidi ni wisqoq, ashi mweusi anayeota kwenye ardhi yenye majimaji. Ndiye mti wa vikapu vyao pia. Nova Scotia umebaki haba mno, na tangu 2013 umo kwenye orodha ya mkoa ya mimea iliyo hatarini. Juu ya hayo, mwaka 2018 aligunduliwa Bedford, kitongoji cha hapahapa Halifax, mdudu wa kijani anayeng'aa mwenye asili ya Asia. Buu wake hula chini ya gome na kuukatia mti njia ya maji. Kuanzia hapo magogo na kuni za ashi hazitoki nje ya eneo lililowekewa masharti bila kibali. Mdudu mwenyewe bila shaka hajasoma tangazo.

Sikuthubutu kugusa wisqoq. Nimepata ashi mweupe, mti uliokatwa uani kwa mtu kwa sababu uliegemea nyaya. Jirani yetu, mzee wa Bukavu aliyekuwa fundi seremala kwao na hapa anaendesha teksi, akanipa jiriwa, patasi na usimamizi mkali. "Usiipige randa kabla hujaisoma," ananiambia, na kusoma kwake ni kulilamba gogo kwenye kichwa chake ili pete zionekane.

Siri yote iko kwenye pete hizo. Kila mwaka ashi huweka tabaka mbili: ile ya majira ya kuchipua ina vitundu vingi na ni laini, ile ya kiangazi ni ngumu. Ukipiga kwa mgongo wa shoka, sawasawa, inchi kwa inchi, ile laini inavunjika kuwa unga na zile ngumu zinaachana zenyewe, nzima nzima. Hukati kitu. Kazi yote ni kugonga na kujua pa kuishia, maana ufa ukiingia kwenye mpini umebaki na kuni.

Kugonga kunachosha na kunataka mwendo. Bila kufikiri nikajikuta naimba wimbo wa kinu wa Shangazi, na fundi akadakia kiitikio chake cha kwao Kivu, ambacho hakihusiani kabisa na wangu, na vikaenda. Kiju' alipoletewa kipande kilichokamilika alikipiga kiganjani, akakisogeza sikioni, akakipiga tena. Akasema kinasema kwa sauti ya kitoto lakini kinasema. Akauliza tuliimba nini tukikigonga. Nikamwimbia. Wiki hiyo deni langu lilihesabiwa limelipwa.

Machi

Lugha. Naenda polepole.

Tangu 1 Oktoba 2022 Nova Scotia ina sheria inayoitambua lugha ya Mi'kmaw kuwa lugha ya asili ya mkoa. Vizuri. Kwa mwanafunzi tatizo liko kwenye maandishi. Mfumo unaotumika zaidi Nova Scotia ni wa Francis na Smith wa miaka ya 1970, Listuguj, jumuiya ya Mi'kmaq upande wa Quebec, wana wao wenye *g* mahali pa *k*, na mapadri walikuwa na yao. Nimeona ji'kmaqn na jigmaqan kwenye mabango mawili ya mkutano mmoja. Sasa naandika silabi za nyimbo kwa Kiswahili pembeni, kwa matumizi yangu, na Kiju' ameyaangalia akaona yanatosha kunizuia kuimba kama Mwingereza.

Mei

Nimeahirisha hili tangu Novemba. Nimempigia Kiju' sauti ya Mama.

Alisikiliza wote, pamoja na jogoo. Akaomba tena. Mara ya pili kidole chake kikaanza kugonga meza, na kabla wimbo haujaisha alikuwa anatabasamu.

Ni jigi. Wimbo wa kucheza wa fidla, wa Kiskoti au Kiairishi, unaoimbwa kwa mdomo pale mpiga fidla anapokosekana. Newfoundland yote ilikuwa na mtindo huo, kwa watu wa kila asili. Silabi za Bibi ni za upinde wa fidla unavyokwenda na kurudi. Ko'jua haimo, wala chochote cha ji'kmaqn.

Sikuficha uso wangu. Kiju' akaniuliza nani aliniambia kwamba fidla si yao. Akanitajia Lee Cremo, aliyezaliwa 1938, mpiga fidla wa Eskasoni aliyeshinda mashindano ya kanda nzima ya mashariki mara kadhaa kabla ya kufariki 1999. Akanitajia pia kijana wa We'koqma'q, Morgan Toney, anayepiga Ko'jua na nyimbo nyingine za zamani kwa fidla, na aliyetoa albamu yake ya kwanza 2021. Mi'kmaq wamepiga fidla kwa vizazi vingi, kwenye arusi, kwenye kambi za mbao, kwenye mashamba ya viazi ya Maine walikokwenda kuvuna. "Bibi yako alichezeshwa jigi kama watoto wote wa pwani ile," akasema. "Sasa unataka tumnyang'anye?"

Sijaamua kama hilo linanifariji. Wimbo wa Bibi si ushahidi wa chochote, na nimeuondoa kwenye faili la "huenda". Nimeuweka kwenye faili la Bibi. Mama nimemweleza vilevile. Alinyamaza kidogo, kisha: "Basi alifunga mlango kwa sababu ya baridi tu." Halafu akauimba tena, kwa mwendo wa haraka zaidi.

Julai

Nimerudi kutoka Potlotek, Cape Breton, sikukuu ya Mtakatifu Anna, tarehe 26. Ana, bibi yake Yesu, ndiye msimamizi wa Mi'kmaq tangu karne ya 17, na kila mwisho wa Julai familia huvuka kwa mashua kwenda kwenye kisiwa kilicho katika ziwa la Bras d'Or na kukaa kwenye vibanda vyao kuzunguka kanisa. Sante' Mawio'mi nao hukutana hapo. Kiju' alinichukua kama mbeba mizigo wake, cheo nilichokipokea kwa heshima zote.

Nilitegemea ji'kmaqn. Nilichokisikia zaidi ni tenzi za Kikatoliki kwa Kimi'kmaw, zilizorithiwa tangu siku za mapadri kama Maillard, aliyejifunza lugha yao na kufia Halifax 1762. Wazee wanaziimba bila kitabu, kwa sauti inayoburuta mwisho wa mstari mpaka unadhani wamesahau kinachofuata, kumbe wanasubiriana. Wengine nyumbani kwangu wataniuliza je, huo si muziki wa mkoloni. Nimewaona wanawake wale wakiimba. Waliopitia Shubenacadie na waliokwepa wamesimama mstari mmoja. Swali hilo waulizwe wao, si mimi, na sidhani kama wana haraka ya kulijibu.

Jioni, mbali na kanisa, kijana mmoja alianza Ko'jua kwenye ngazi za kibanda. Kiju' akanitazama. Nikaitikia na wengine. Kipande changu cha ashi mweupe kilikuwa kimebaki Halifax. Sikutaka kuuliza kama kwa masharti ya yule mdudu kinahesabiwa kuni, na ndani ya simu nilikuwa na picha ya kukionyesha kwa aliyetaka. Mama mmoja wa makamo aliiangalia, akauliza mimi ni wa nani. Nikamtajia Flat Bay, nikamtajia jina la zamani, la kabla halijageuzwa. Akasema shemeji yake ametoka upande huo, akaniandikia namba.

Agosti

Kilichopo mkononi: sauti ya Ko'jua yenye ruhusa, kwa ajili ya Mama. Wimbo wa Bibi kutoka kwa Mama, na wa pili aliokumbuka alipokuwa akiniimbia huo tena, huu una maneno mawili ya Kifaransa. Nyimbo za kinu za Shangazi, nyingi kuliko nilivyotarajia, maana sasa amehamasika na anatuma bila kuombwa, saa za usiku wa kwetu. Kiju' anazo zote kwenye simu ya mjukuu wake na ana upendeleo wake.

Kisichopatikana: jina la kuzaliwa la mama yake mama mzaa Bibi. Namba niliyopewa Potlotek imeniunganisha na mzee wa Flat Bay ambaye yuko tayari kuongea lakini si kwa simu. Kutoka hapa ni feri ya usiku kutoka North Sydney hadi Port aux Basques, kisha barabara. Septemba, kabla upepo haujabadilika.

Kiju' amesema nikirudi nitajaribu kuongoza mara moja, jikoni kwake, milango imefungwa.

Wiki ijayo: kuuliza posta kama kipande cha mbao kinaweza kutumwa Tanzania na kwa kibali gani, kumlipa fundi wa Bukavu kwa patasi niliyoivunja ncha (hataki hela, anataka nimpikie pilau), na kumalizia orodha ya majina ya Sandy Point, ambako sasa hakuna anayeishi, kabla binamu wa Stephenville hajaanza kunidai.